Mapine ya Pikapu Yangu Hayatoki

Bantu ba kambi ya Dzaleka, leo shemeji yangu karibu anivue viatu nikiwa natembea!

Tangu pikapu yangu mupya ifike, yeye wimbo ni moja: "Mama Furaha, mapine ya kiwanda, hizi tairi zilizokuja na gari, ni mubaya. Ni ya lami tu. Mvua ikinyesha, utalala njiani na mihogo yako."

Nikaogopa. Nikakubali tubadilishe.

Leo tuko kwa fundi, Area 36, huku Lilongwe. Gari iko juu ya jeki, boloti ya kwanza imeshalegea.

Njo shemeji akanong'oneza fundi: "Ile ya zamani uniwekee. Nitafunga ku gari yangu."

Ya zamani?! Ingali na vinywele vya mpira vya kiwanda!

Nikamuuliza, "Si ulisema ni mubaya?"

"Ku yangu itavumilia tu, shemeji."

Nikaambia fundi: zikomo baba, asante, shusha gari.

Mvua ikuje! Nikikwama nitasukuma mwenyewe.

Mwenye kusema nimekosa heshima aandike hapa chini, mi niko.

Shemeji, tulikuja naye na gari yangu, nimemwacha kule anatafuta kabaza. Ile baiskeli ya kubeba abiria iko na mapine mbili. Aambie mwenye baiskeli kama nayo ni mubaya.