Siku Mama Alipokwenda Kufupishwa Utumbo

Mama alikuwa mnene hata hakuweza kufika mwisho wa kibanja chetu cha migomba bila kuketi mara tatu. Zamani unene ule ulimpa baba sifa, kwamba mke katunzwa. Ilipokuja ujamaa, balozi wetu wa nyumba kumi akaanza kumtania eti anafanana na mabepari wanaochorwa magazetini. Mama alicheka. Mimi niliyemsikia akitafuta pumzi usingizini niliogopa.

Daktari mgeni pale Bukoba alituchorea utumbo kwenye karatasi. Angeukata karibu na mwanzo, auunganishe karibu na mwisho, chakula kipite njia ya mkato. Alikiri kwamba upasuaji huo ni mpya, kwamba wengine huharisha miezi mingi na wengine hufa. Mimi, binti wa miaka kumi na tisa, ndiye niliyemfasiria mama kwa Kihaya. Hayo ya kuharisha na kufa niliyaruka.

Sharti lilikuwa moja: tangu jioni ya kuamkia upasuaji asile kitu, maana akitapika akiwa amelazwa usingizi kwa dawa, chakula kingeingia mapafuni.

Asubuhi shangazi akashuka basi la Muleba na kikapu. Kwetu mtu hafungi safari na tumbo tupu, na safari ipi kubwa kuliko ile? Akafungua jani la mgomba, ndizi na maharage bado vuguvugu. Mama akala zote, mimi nikitazama kama mjinga.

Muuguzi akaja. "Amekula?"

"Hajala, waitu," shangazi akajibu kwa heshima ya Kihaya.

Kumkanusha shangazi mbele ya wageni ni aibu. Kitanda kikasukumwa, mama akinitazama mpaka mlango ukafungwa. Nikaukimbilia mlango, nikaupiga kwa ngumi zote mbili: "Amekula! Mama amekula!"

Daktari alifoka, akaahirisha kwa wiki moja. Shangazi akachukua kikapu chake, akatoka.

"Ndizi niliziagiza mimi," mama akaninong'oneza. "Daktari alisema mengi, wewe ukanipa machache. Nikajua umenificha jambo baya, nikala nione kama na hili utalificha."

Nikamweleza yote, nikilia.

Wiki iliyofuata alimwambia shangazi akae nje na kikapu chake. Mlango ukafungwa tena. Safari hii sikuwa na la kupigia kelele, na sijawahi kuogopa namna ile.

Alitoka hai. Aliharisha miezi minane, na kila alipotoka chooni alinitazama, akasema, "Hili uliniambia."