Kijiwe Chekundu cha Harusi ya Shangazi

Mwezi uliopita nilipita Voi, nikaingia dukani kununua betri ya saa. Kwenye kabati la kioo kulikuwa na vijiwe vya kila rangi. Binti mwenye duka aliona macho yangu yamekwama, akanitolea kimoja chekundu na kuniwekea kiganjani.

"Kimechongwa kwa mashine, nyanya," akasema. "Hakina hata alama."

Kweli hakikuwa nayo. Nilikirudisha, nikamshukuru, nikatoka na kukaa kwenye kivuli cha ukuta. Mwili ulikuwa hapo Voi, rafiki yangu, lakini moyo ulikwisha kupanda milimani, kwa nyanya yangu, miaka ile ya hamsini nilipokuwa msichana mdogo.

Baba alikuwa akifanya kazi ya reli, akiishi Voi na mama. Mimi nililelewa na nyanya, mama yake baba, kule juu ya Mwatate, pamoja na shangazi yangu ambaye hakuwa ameolewa. Asubuhi ukungu uliingia mpaka jikoni. Tulikula kimanga, muhogo uliopondwa na maharagwe, kisha shambani. Jua likianza kulegea, nyanya alinawa mikono, akatandika ngozi uani na kuzipanga shanga zake ndani ya vipande vya kibuyu, kila rangi na kipande chake.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Uzi aliupota mwenyewe juu ya paja kwa katani ya mkonge. Waya wa shaba aliuzungusha kwenye kijiti mpaka ukawa kama mkia wa kinyonga. Wanawake walitoka vijiji vya mbali kuja kwake kufumiwa mikufu na mikanda, na aliyemharakisha aliambiwa, "Ushanga haukimbizwi," kisha akapewa kiazi kitamu asubiri. Yeye mwenyewe ndewe za masikio yake zilijaa pete za shanga, na alipoinama kupalilia zilitoa sauti ndogo kama mvua inayoanza.

Wakati huo watu wengi kwetu walikuwa wamebatizwa, shangazi akiwemo. Kanisani sheria ilikuwa moja: mapambo ya kale yaachwe nyumbani. Nyanya alipenda nyimbo za kanisa, akaziimba akichambua maharagwe, lakini ndani hakuwahi kuingia. "Mungu ameyaona masikio yangu miaka yote," alikuwa akisema. "Hajaniuliza neno."

Basi shangazi akachumbiwa na kijana aliyefundisha shule ya chini, na harusi ikawa ya kanisa. Nyanya alikuwa amekwisha kuanza mkufu mpana wa bibi harusi, ule wa kufunika mabega, mwalimu wa kanisa alipokuja nyumbani. Alikuwa mtu mpole. Alikula viazi vyetu, akasifu mahindi, ndipo akasema.

"Mama, binti aje bila shanga. Na wewe pia, ukitaka kuingia."

"Nimesikia," nyanya akajibu.

Alipoondoka, shangazi alienda nyuma ya ghala akalia. Nyanya hakumfuata. Aliuchukua ule mkufu, akakata uzi, akaanza kuzirudisha shanga kibuyuni, nyeupe kwa nyeupe, buluu kwa buluu. Kazi ya majuma mengi ikafumuliwa jioni ile.

Mvua ziliponyesha, kijito kilifukua mchanga na kuacha vijiwe vyekundu, vile tulivyochezea sisi watoto. Nyanya aliviokota, akaviinua juani kimoja kimoja, akafunga viwili, kikubwa na kidogo, kwenye pembe ya leso. Tukateremka naye Mwatate, tukapanda gari moshi hadi Voi, kapu la ndizi miguuni.

Sonara wa Voi alikuwa Mhindi mzee, mwenye duka jembamba lililonuka mkaa na mafuta ya taa. Alichungulia kile kijiwe kikubwa akatikisa kichwa.

"Mama, hii jiwe iko na ufa ndani. Inaweza kupasuka."

"Jaribu," nyanya akasema.

Alilisugua kwenye gurudumu lake, akilinyunyizia maji, na chuma kikalia mpaka meno yangu yakauma. Halafu mlio ukabadilika. Jiwe lilikuwa vipande viwili. Nilimtazama nyanya nikidhani atalia. Alivuta kiti karibu, akampa kile kidogo.

Hicho kilikubali. Kilipotoka majini kilikuwa kama kaa la moto lililopulizwa. Sonara alitaka kukitoboa, nyanya akamzuia. Alitoa waya wake wa shaba, akakizungushia palepale, akipinda kwa vidole na kukaza kwa meno, mpaka kikashikwa bila tundu. Sonara aliacha kazi yake akamtazama. Alipomaliza, mzee yule alikipokea, akakigeuza, akasema polepole, "Nionyeshe tena hapa nyuma." Wakakaa hivyo, vichwa vimekaribiana, mpaka baba akaja kututafuta.

Siku ya harusi shangazi aliingia kanisani na gauni jeupe, shingo tupu. Nyanya alibaki nje karibu na dirisha, na shanga zake zote. Nilisimama naye. Wimbo ulipoanza ndani, naye aliimba nje, bila kupaza sauti.

Maharusi walipotoka, watu walijipanga kuwasalimu. Shangazi aliwapita wote. Alikuja mpaka dirishani, akapiga magoti kwenye vumbi na gauni lake, akainamisha kichwa.

"Mama, nivalishe."

Nyanya alitoa kile kijiwe, sasa kwenye uzi wa katani, lakini shela ikawa inamzuia. Ndipo bwana harusi akaja, akaishika shela na kuiinua, akasubiri mpaka mama mkwe wake alipokwisha kufunga. Mwalimu wa kanisa alikuwa mlangoni, na kitabu kifuani. Alitazama, kisha akageuka kuwasalimu wageni.

Shangazi alikivaa maisha yake yote, shambani na sokoni. Sonara alifunga duka baada ya miaka kadhaa, akaondoka na jamaa zake. Sikujua walikwenda wapi. Nyanya alifariki nikiwa nimekwisha kuolewa.

Ninachokumbuka zaidi ni miezi iliyofuata. Habari za kifo hazikufika kila mahali, na wanawake waliendelea kupanda mlima, wamebeba mikufu iliyokatika ndani ya vitambaa, waje washonewe upya. Shangazi, aliyekuwa akija kuiangalia nyumba ya mama yake, aliwapokea, akawapa habari, akawapikia chai. Walikunywa wakimsifu marehemu. Kisha wakafunga tena vitambaa vyao, wakashuka navyo vilevile.