Siku Viti Viwili Viliponipima Uzito

Jamani, hili nalisimulia nikiwa nimefunika uso. Ramadhani ilipokwisha, niliingia ofisi ya walimu nikijigamba kwamba swaumu imenikondesha, na sasa mimi na Mwalimu Mwero tuna kilo sawasawa. Mwero ni mwembamba kama ufito. Jinsi nilivyokuwa nikizishambulia tambi na mihogo ya nazi kila magharibi, sikumwambia mtu.

Nafundisha fizikia hapa Msambweni, na wiki hiyo somo lilikuwa vitu vinavyogongana. Nikachukua viti viwili vya magurudumu, nikamkalisha Mwero kwenye kimoja, nami nikaketi kwenye cha pili.

"Nisukumeni nimgonge," niliwaambia wanafunzi kwa mbwembwe, "kisha nitamshika twende pamoja. Kwa kuwa uzito wetu ni sawa, mwendo wangu utapungua kwa nusu. Pimeni!"

Wakanisukuma. Nikamgonga Mwero, nikamkumbatia, tukateleza hadi ukutani huku yeye akipiga kelele, "Mama yangu wee!" Darasa likaangua kicheko. Nikaona somo limenoga.

Mwanasiti, binti asiyekosea hesabu, akasimama na daftari lake.

"Samahani, mwalimu. Mwendo haukupungua kwa nusu. Umepungua kwa theluthi moja tu. Nimerudia hesabu mara tatu."

"Na hiyo ina maana gani?" niliuliza kwa sauti kubwa, mbele ya wote, mimi mwenyewe kwa mdomo wangu.

"Ili mlingane, mwalimu, itabidi Mwalimu Mwero wawe wawili."