Hotipoti Niliyobeba kwa Ndugu Yangu

Mke wangu alifariki jikoni, mwiko ukiwa mkononi, ugali ukiwa bado haujaiva. Daktari alisema ni moyo. Alikuwa na presha ya miaka mingi, na vidonge vyake alivimeza siku alizokumbuka. Nayasema haya mapema kwa sababu huku kwetu kuna watu waliosema mengine, na hayo mengine ndiyo yaliyokuja kunitenganisha na ndugu yangu mkubwa.

Walisema alilishwa kitu. Wiki moja kabla ya kifo tulikuwa tumekwenda nyumbani, nje ya mji wa Homa Bay, na mke wangu alikula kwa shemeji yangu, mke wa huyo ndugu yangu. Hiyo ikatosha. Ulimi hauna mfupa. Matanga hayajaisha, kuna wanawake waliokuwa wakipokea sahani kutoka kwa shemeji na kuzificha chini ya viti bila kugusa. Ndugu yangu aliona. Alisimama mbele ya watu, akachukua sahani moja chini ya kiti, akala chakula chote amesimama, akalamba vidole. Mimi nilikuwa nimekaa karibu na jeneza. Niliona, lakini siku ile nilikuwa naona mambo bila kuyaelewa.

Baada ya mazishi nilifunga nyumba yangu ya nyumbani kwa kufuli nikarudi Migori, nilikofanya kazi ya kupima ardhi hadi nilipostaafu. Watoto wetu wawili wako mbali na wana maisha yao. Nilibaki na vyumba viwili vya kupanga na jiko ambalo sikujua hata kiberiti chake kinakaa wapi. Mwanamume wa rika langu hakufundishwa kuingia jikoni. Alifundishwa kungoja.

Basi nikawa mtu wa vibanda. Asubuhi chapati mbili na chai ya sukari, mchana samaki wa kukaangwa katika mafuta ambayo yameshakaanga samaki wa jana, jioni supu ya mifupa. Kila meza ilikuwa na kikopo cha chumvi, na mimi nilikitikisa kabla sijaonja. Mama mwenye kibanda alizoea kuniambia, "Mzee, onja kwanza!" Nilimjibu kwamba nimeonja kwa macho. Tulicheka. Ukweli ni kwamba nilikwenda pale kwa sababu kulikuwa na mtu wa kuniambia nionje.

Halafu siku moja, nikipanda kutoka sokoni na kilo mbili tu za viazi, kifua kilibana hadi nikakaa kwenye jiwe la mtu mbele ya duka. Kliniki nilimkuta daktari msichana, umri wa mwanangu wa mwisho. Alipima presha mara mbili, kisha akapima mkono wa pili kana kwamba ule wa kwanza umemdanganya.

"Mzee, wewe unakulanga wapi?"

"Hapa na pale."

"Na chumvi unaongeza mezani?"

"Kidogo tu."

"Kidogo ya kijiko ama kidogo ya mkono?"

Aliniandikia dawa, akasema nisiache hata siku moja, kisha akaanza na chakula. Chumvi nipunguze mpaka nisahau ladha yake. Mafuta nipime kwa kijiko, siyo kumimina kutoka kwenye mtungi. Samaki wa kuchemsha au kuchoma. Nusu ya sahani iwe mboga, ugali uwe ngumi moja, maharagwe na omena, wale dagaa wa ziwani, vichukue nafasi ya nyama, na vile vidonge vya kutia ladha kwenye mchuzi nivisahau kabisa. "Na upike mwenyewe," alisema, "sababu huko kwa hoteli huwezi jua wamemwaga nini."

Niliogopa, na sioni aibu kukiri. Nilikuwa nimemwona mke wangu akianguka. Nilinunua sufuria mbili ndogo nikaanza shule upya.

Ugali wangu wa kwanza ulikuwa na madonge ambayo ungeweza kuyatumia kama alama za mpaka wa shamba. Nilijifunza kuosha omena kwa maji ya moto mara tatu, kuwakausha kidogo kwenye sufuria kavu, kisha nyanya, kitunguu, tangawizi na limau. Limau lilinisaidia sana. Ulimi uliozoea chumvi ukipewa limau hunung'unika lakini hula. Mboga nilipika za kwetu, osuga, ambayo wengine huita managu, na kunde na mrenda, na nilijivunia kwamba chumvi haikukaribia jikoni mwangu.

Baada ya mwezi nikarudi kliniki kifua mbele. Presha ilikuwa imeshuka kidogo sana, kiasi cha kunitia aibu. Daktari alinitazama.

"Mzee, niambie ukweli."

"Haki ya Mungu, chumvi sijagusa."

"Mboga unapika na nini?"

"Kama mama alivyopika. Natia magadi kidogo zilainike."

Aliweka kalamu chini, akafunika uso kwa mkono, akacheka mpaka na mimi nikacheka bila kujua ninachocheka. "Mzee, hiyo magadi na chumvi ni mtu na ndugu yake! Kwa presha yako ni kitu moja."

Nilirudi nyumbani nimekasirika. Kila jiko nililowahi kukaa karibu nalo tangu utotoni lilikuwa na magadi, na hakuna aliyewahi kuyaita chumvi. Niliyatupa. Osuga nikawa naichemsha polepole na maziwa, nayo ikakubali. Presha ikaanza kushuka kweli.

Lakini chakula kisicho na chumvi kinataka mazungumzo. Ukiwa na mtu wa kuzungumza naye, unasahau unachotafuna. Ukiwa peke yako, unabaki wewe na sahani, na sahani haina neno. Mara nyingi nilijikuta nimesonga ugali wa watu wawili, na ule wa pili nikaukata vipande asubuhi nikala na maziwa lala, yale ya mgando. Redio niliiwasha nisisikie taya zangu.

Siku iliyokuwa ikinibeba wiki nzima ilikuwa Jumapili. Tangu msiba nilikuwa nikienda kwa ndugu yangu mkubwa. Huyu amenizidi miaka sita, alikuwa fundi wa mapaa, na mgongo umebaki umejipinda kama bado yuko juu ya nyumba. Tulinawa katika beseni moja, tukala kwenye sinia moja, hakuna maneno mengi. Alinitengea tumbo la samaki lenye mafuta, akijua nalipenda. Kurudi Migori jioni nilikuwa na nguvu ya kufika Jumapili nyingine.

Baada ya ile siku ya kwanza ya kliniki nilikosa Jumapili mbili kwa visingizio. Ya tatu nikafanya jambo ambalo kwa akili ya mpima ardhi lilikuwa limenyooka kabisa. Nilipika omena na osuga yangu, nikatia katika hotipoti, nikaifunga kwa kitambaa, nikaenda nayo kwa ndugu yangu. Niliwaza kwamba sitawasumbua. Wao watakula chao chenye chumvi, mimi nitakula changu, na tutakaa pamoja. Nilifikiria chumvi tu.

Mtu wa kwetu anayesoma haya ameshashika kichwa. Kwetu huji na chakula chako kwenye boma la ndugu yako. Ukikataa chakula cha boma, au ukija na chako, umesema bila kufungua mdomo kwamba jikoni mle kuna mkono mbaya. Nami nilikuwa mjane niliyefiwa na mke ambaye watu walinong'ona alilishwa pale pale.

Nikaiweka hotipoti mezani. Shemeji aliingia na beseni la maji ya kunawa, akaiona, akasimama. Maji yalicheza ndani ya beseni.

"Ni mambo ya daktari," nilisema. "Amenikataza chumvi na mafuta. Siku hizi nachemsha tu, na limau na tangawizi."

Ndugu yangu hakuniangalia. "Chakula cha mke wangu kina nini?"

"Nimesema kina chumvi."

"Kina chumvi. Na siku ya matanga walisema kina nini?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Shemeji aliweka beseni chini taratibu, akatoka nje. Angelia au angenitukana, ningejua pa kushika.

Ningeomba msamaha pale pale. Ningeimwaga ile omena kwa kuku. Lakini mimi nina kichwa kigumu, na mtu mwenye kosa mara nyingi ndiye hupandisha sauti kwanza. Nilisema, "Kwa hiyo mnataka nife ili muonekane wazuri? Kama chumvi yenu ina thamani kuliko moyo wangu, kaeni nayo." Maneno hayo niliyasema mimi, kwa mdomo wangu huu, katika nyumba ambayo mwenyewe alikuwa amekula sahani ya shaka mbele ya kijiji kizima kwa ajili ya heshima ya mkewe.

"Beba chombo chako," alisema ndugu yangu.

Nikabeba.

Miezi saba ilipita. Simu yangu haikulia kutoka Homa Bay, na mimi sikupiga. Kila nilipoishika niliyakumbuka maneno yangu, nikairudisha mfukoni. Nilijiambia kwamba yeye ndiye mkubwa, yeye ndiye aanze. Siku nyingine nilimlaani kwa sauti, nikiwa nimesimama jikoni mwangu na kijiko cha kupimia mafuta.

Moyo wangu, ule wa daktari, ulizidi kupona. Nilitembea asubuhi hadi darajani na kurudi. Nilifunga safari hadi Muhuru Bay kununua omena kwa akina mama wanaowaanika wenyewe, nikauliza kama kuna chumvi hadi wakanizoea wakanicheka. Suruali zilianza kulegea. Siku daktari aliposema, "Mzee, sasa wewe ni kijana," nilitoka pale nikiwa na furaha kubwa, nikafika barabarani nikagundua sina mtu wa kumwambia. Nilikuwa mpweke, na sikuwa nimewahi kulitamka neno hilo hata kimoyomoyo.

Ziara iliyofuata aliniuliza swali jepesi. Alisema wagonjwa wake wengi hushindwa chakula hiki kwa sababu hakuna anayewashika mkono. "Wewe nani anakulanga na wewe?"

"Ndugu yangu," nilisema.

Nilidanganya, tena haraka, kama mtoto. Aliandika kitu kwenye kadi yangu akatabasamu. Siku tatu nzima uongo ule ulinikereketa, na Jumapili nikavaa shati la kanisani nikaenda Homa Bay.

Sikupiga simu, kwa kuogopa kuambiwa nisije. Sikubeba kitu. Nilikuwa nimeamua kwamba nitakula chochote kitakachowekwa mbele yangu, mafuta yakielea, chumvi ikikwaruza, na nitakula shemeji akiniangalia mpaka sinia iwe nyeupe. Moyo ukikataa, ukatae nikiwa mezani kwa ndugu yangu.

Nilimkuta ameshaanza kula, peke yake, chakula chake kikiwa nusu. Aliinua macho. Uso wake ulikuwa umepungua.

"Hukubeba chombo," alisema.

"Nimebeba njaa. Na nimekuja kumwomba shemeji msamaha."

Shemeji alikuwa mlangoni. Nilimgeukia nikamwambia yote niliyopaswa kuyasema ile siku, kwamba nilikuwa mjinga, kwamba sikuwahi kumshuku hata dakika moja, kwamba mke wangu alimpenda. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaleta maji, akanimiminia mikononi.

Nilikaa. Nikamega tonge kubwa, nikalichovya kwenye mchuzi wa samaki, nikalitia mdomoni nikiwa nimejiandaa kwa chumvi ile.

Haikuwamo. Kulikuwa na nyanya, tangawizi na limau, na samaki alikuwa wa kuchemshwa. Nikaonja mboga. Nazo hivyo hivyo. Nilidhani shemeji ameniona nikitoka barabarani akanipikia haraka, lakini sinia ilikuwa moja, ile ile aliyokuwa akila ndugu yangu kabla sijaingia, na hakuna mtu duniani niliyekuwa nimemwambia kwamba ninakuja.

"Hii mmeanza lini?" niliuliza.

Ndugu yangu alijishughulisha na mwiba. Shemeji ndiye aliyejibu.

"Jumapili iliyofuata ile yako. Alisema pengine utakuja, nisikupe sababu ya kubeba chakula. Nami nilikuwa na hasira, nilipika kwa hasira. Jumapili zote napika hivi, na yeye analalamika hadi tonge la mwisho, lakini hakubali niongeze kitu."

"Ungenipigia, shemeji."

"Alinikataza. Alisema mtu haitwi kwao."

Ndugu yangu alisukuma lile tumbo la samaki upande wangu. Alikuwa hajaligusa. Miezi saba alikuwa amekaa hapo kila Jumapili akila chakula changu, asichokipenda, peke yake, na mimi Migori nilikuwa nikila hicho hicho, peke yangu, nikimlaani.