Mamangu Ananiamkia

Mtu yeyote aliyekulia Mishomoroni miaka ile anamjua mamangu, na kama hamjui basi hakuwahi kula mahamri ya maana. Bi Zubeda aliuza mahamri na mbaazi barazani petu kwa miaka thelathini na miwili, na sheria yake ilikuwa moja tu: huamkii, huli. Ukija mbiombio na sarafu mkononi ukasema "Nipe mawili," atakutazama kutoka utosini mpaka unyayoni, kisha akuulize, "Kwani mimi na wewe tumelala kitanda kimoja?" Siku moja alimuuliza hivyo askari polisi mwenye sare na bunduki. Askari alivua kofia, akasema shikamoo, akapewa mahamri yake na kikombe cha chai juu.

Kwa hivyo fikiria kisanga cha leo. Mwanamke aliyekusanya shikamoo za Kisauni nzima, sasa anazigawa. Anamwamkia Kitsao, jirani yetu mwenye taksi, ambaye yeye mwenyewe alimpaka dawa ya upele akiwa mtoto. Anawaamkia watoto wa chuo cha Kurani wakipita na juzuu zao. Juzi alimwamkia mbuzi, ingawa hapo naweza kumtetea, maana mbuzi yule ana ndevu za heshima. Daktari alituambia ni maradhi ya kusahau, na kwamba huanza na ya karibuni, ya zamani yakabaki. Mama ana miaka sabini na sita. Kwa hesabu yake mwenyewe ana kama kumi na miwili.

Mimi ni Nadira, bintiye, fundi cherehani wa sare za shule. Kakangu Hussam yuko Doha na anampenda mama sana kwa simu. Kila Ijumaa hunipa mawaidha: mpe lozi, mpe habasoda, usimkasirikie. Lozi nampa. Hilo la kutokasirika nimemwachia yeye aliye mbali. Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea, lakini hawakututajia kwamba utakayemlea huenda akawa ndiye aliyekuzaa.

Hata hivyo nimejifunza. Mlango nimeutia komeo la juu, kwa sababu mama hatazami juu. Kitambulisho chake nakaa nacho mimi, na kwenye pindo la buibui lake nimeshona kitambaa chenye nambari yangu ya simu. Simuulizi "Unakumbuka?", maana hilo ni swali la mtihani na yeye shule aliikimbia zamani. Mambo yote ya maana tunayafanya asubuhi, akili yake ikiwa bado safi. Alasiri ikishaingia, hata kwenda msalani ni mabishano.

Jambo moja tu lilinishinda. Kila nikimwamsha, mama huketi kitandani, hujifunika leso vizuri, akaniambia, "Shikamoo, bi mkubwa." Mimi kwake ni mama fulani wa nyumba hii, jina hajui, ila ana uso mkali. Nami nilikuwa siitikii. Marahaba huitikwa na mkubwa kwa mdogo. Nikimwitikia mamangu nimempanda kichwani, na kwetu hilo halifanywi hata kwa mzaha. Tena niseme ukweli: niliogopa. Niliona siku nitakayolitamka neno lile ndiyo siku nitakayokuwa nimemzika. Basi mimi humjibu, "Umeamkaje, mama?" au "Alhamdulillahi, njoo uoge." Naye hununa, kila siku, wala sikuwahi kujiuliza ananunia nini.

Jina langu lilimtoka mwaka jana, mwezi wa Rajabu. La Hussam likafuata, na hapo sikuhuzunika sana. Jina lililobaki ni moja, Tatu. Mwanatatu ni mdogo wake wa kunyonya ziwa moja, aliolewa Voi zaidi ya miaka arubaini iliyopita, na sasa magoti yamemgomea, hasafiri. "Yu wapi Tatu?" mama huniuliza, asubuhi mara tano, jioni mara kumi. Mwisho nikaamua nimpeleke, kabla jina hilo nalo halijaondoka. Lakini nilisita. Tatu anayemtafuta mama ni kijisichana cha misuko miwili. Tatu aliyeko Voi ni ajuza mwenye mkongojo. Akifika asimjue, atakuwa hana tena mtu hata mmoja duniani, na mimi ndiye nitakayekuwa nimemnyang'anya.

Kusafiri kwa basi nilikataa, maana mama hutaka kushuka kila linaposimama. Nikachagua treni ya asubuhi ya Miritini, yenye choo na nafasi ya kutembea. Baada ya sala ya alfajiri Kitsao akatupakia, mama akamwamkia, Kitsao akacheka akasema, "Shikamoo wewe, bibi." Shikamoo mbili zikabaki hewani, hakuna wa kuitika. Mama akatazama nje ya dirisha mpaka Changamwe.

Stesheni, kabla hujaingia ndani, mizigo hupangwa chini kwa mstari, na mbwa wa askari hupitishwa kuinusa. Mbwa yule alipita masanduku yote kwa haraka, lakini kwenye kikapu chetu cha mahamri ya Tatu alisimama kabisa. Iliki nilikuwa nimeitia ya kutosha, simlaumu.

"Mwambieni aamkie kwanza," mama akasema.

Mstari mzima ulicheka, hata askari mwenye mbwa. Mimi pia nilicheka, maana kwa dakika moja alikuwa Bi Zubeda wa barazani, yule yule.

Kwenye lango la tiketi alisimama kijana mrefu, kifuani kibao cha jina: Odhiambo. Mama alijitanguliza. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Karibu sana," Odhiambo akasema, kwa wepesi kama anayepokea kalamu. "Kitambulisho?"

Damu ilinipanda. Kijana wa miaka thelathini, mtu wa bara, anamwitikia mamangu marahaba! Lakini nilipomgeukia mama nikamkuta uso umefunguka, meno yote manne nje.

"Miye mtoto, baba, kitambulisho sina," akamwambia. "Muulize huyu bi mkubwa. Lakini yeye hasemi na mimi."

Nikatoa vitambulisho na tiketi, nikamwambia Odhiambo kwa sauti ya chini, "Wewe, unamwitikiaje mamangu hivyo? Huyu si mdogo wako."

"Dada, si amenisalimia?" akasema. "Kwetu mtu akikusalimia unajibu. Sasa ningemnyamazia?"

Nilikuwa na jibu refu la adabu za Pwani, lakini watu nyuma walikuwa wanasukuma. Tukapita. Zilikuwa zimebaki dakika ishirini. Tulipofika kwenye viti, kabla ya kupanda kwenda kwenye treni, mama akaketi, akakumbatia kikapu.

"Inuka, mama, twende."

"Siendi."

"Twende kwa Tatu."

"Kwa Tatu ntakwenda. Nawe siendi." Akanitazama kwa makini, kama mtoto anayekariri somo. "Mamangu alinambia, mtu asokuitikia salamu usifuatane naye ndiani. Kila siku nakuamkia, huniitikii. U nani weye?"

Kipaza sauti kikawaita abiria. Hapo nilifanya jambo ambalo silioni fahari. Nilimshika mkono nikamvuta. Nikamwambia kwa ukali kwamba treni itatuacha, kwamba nimechoka, kwamba hata yeye anajua mimi ni nani. Mama hakupiga kelele. Machozi yalimtoka tu, akazidi kukikumbatia kikapu.

Nikauachia mkono. Ndipo nikamwona alivyo: mtoto aliyelelewa vizuri, yuko kwenye jumba kubwa asilolijua, pamoja na mtu mzima asiyemjibu. Mwaka mzima amekuwa akiniuliza kwa neno moja kama yuko salama na mimi, nami nikawa najilindia adabu yangu. Niliona haya sana, kuliko haya niliyokuwa nikiiogopa.

Nikachuchumaa mbele yake. "Niamkie tena."

Alifuta pua kwa ukaya wake wa kichwani. "Shikamoo, bi mkubwa."

"Marahaba, mwanangu."

Neno likatoka. Sikumzika. Alikuwa hai, mkono wake wa moto ndani ya mkono wangu, na tayari ameshasimama ananivuta mimi. "Haya twende," akasema, "mbona unakawia?" Tuliingia behewani milango ikikaribia kufungwa, mimi natweta, yeye hana habari.

Njiani aliliamkia behewa zima. Walioitika aliwaombea dua, wasioitika aliwasema kwangu sikioni, nami nikawa namuunga mkono. Mahamri ya Tatu alikula matatu. Nilipompigia khaleti, huyo Tatu mwenyewe, simu kumwambia tumekaribia, nikamsisitiza: "Akikuamkia, wewe itika tu. Usimsahihishe, usilie, usimuulize kama anakukumbuka."

"Sawa, mwanangu," khaleti akasema. "Nimesikia."

Tulimkuta mlangoni kwake, ameegemea mkongojo, leso kichwani, mgongo umepinda. Mama alisimama hatua tatu kutoka kwake. Alimtazama usoni, akautazama mkongojo, akatazama nyuma yake ndani ya nyumba, kana kwamba Tatu mwenyewe atatokea huko. Halafu akainama kidogo.

"Shikamoo, bibi," akasema.

Nikamkonyeza khaleti: itika. Alifungua kinywa, lakini marahaba haikutoka. Yeye naye kalelewa na mama yule yule aliyemlea mamangu, nyumba ile ile, na miaka sabini na moja hajamwitikia dadake salamu ya mdogo.

"Shikamoo, dada," akasema. "Ni miye."

Niliona macho ya mama yanahangaika, kama anayetafuta ufunguo ndani ya mkoba. Kisha yakatulia.

"Marahaba, Tatu," akasema. "Umekuwa mkubwa."

Khaleti aliangusha mkongojo. Walishikana pale mlangoni, wawili hao wakiyumba, nikalazimika kuwazuia wasianguke. Nililia nikacheka, sikujua kipi kimeanza. Na hapo tamaa ikaniingia. Mwaka mzima nilikuwa sijasikia mama akiitika marahaba. Nikasema, kama amekwisha fungua mlango, labda na mimi nitapita. Nikapiga goti, nikaushika mkono wake.

"Shikamoo, mama."

Aliniangalia kwa upole, ule upole anaopewa mgeni. Hakuitika. Iliniuma, sitasema uongo. Akanigeuzia kisogo, akamwambia mdogo wake, "Tatu, huyu ndiye bi mkubwa alonileta. Ndia nzima hakuniachia mkono. Mwamkie."

Khaleti Mwanatatu alinipokea siku niliyozaliwa. Jina la Nadira ni yeye aliyenipa.

"Mwamkie, Tatu," mama akasema, "usinitie aibu."

Khaleti alijishika kwenye kizingiti, machozi yakimtiririka mashavuni, akainamisha kichwa mbele yangu.

"Shikamoo, bi mkubwa."

"Marahaba," nikaitika, na mama akakubali kwa kichwa, ameridhika na adabu ya mdogo wake.