Paa la Chunusi

Jina la Polepole alilipata kazini, enzi alipokuwa dereva wa kiwanda cha uchapaji. Wenzake walifika, wakashusha mzigo, wakanywa chai wakamaliza, ndipo yeye anajitokeza kwenye kona, uso mkavu kama hakimu. Lakini vitabu vyake havikuwahi kulowa wala kupinda. Baada ya kustaafu, kiharusi kilimwangusha bafuni, kikamwachia mguu wa kuburuta na mkono wa kulia uliolegea kama kitambaa. Mkewe, aliyekuwa msusi, alimwambia pale hospitalini kwamba sasa jina limemkaa sawasawa. Walicheka wote wawili, kisha mke akatoka nje kwenda kulia.

Mtaalamu wa viungo alimpa mpira laini awe anaubinya asubuhi na jioni. Polepole aliuchukia tangu siku ya kwanza. Alisema mtu mzima hawezi kushinda anabinya mpira kama mtoto anayeota meno. Aliusukumia chini ya kochi, mkewe akaufukua, akausukumia tena.

Kilichomwinua kitini ni gari. Lilikuwa lake mwenyewe, fupi, la milango miwili, na paa lake jeusi la faiba, plastiki ngumu yenye nyuzi ndani, lilifungwa kwa boliti. Paa hilo halikuwa laini. Tangu lilipotengenezwa lilikuwa na vipele vidogo vidogo, na mkewe aliliita paa la chunusi. Daktari alishamkataza kuendesha, kwa hiyo walikubaliana gari liende kwa binti yao, muuguzi aliyezunguka nyumba kwa nyumba kuhudumia wagonjwa wasioweza kuinuka, sehemu ambayo mvua haina miadi. Binti alisema atakuja kulichukua mwisho wa mwezi, wala wasijisumbue kulifanyia lolote.

Polepole alijikokota hadi uani akapitisha kiganja juu ya paa. Kikarudi na unga wa kijivu. Jua lilikuwa limekula weusi wote, na kwenye kona ya nyuma nyuzi za faiba zilishaanza kuchungulia. Alirudi ndani akamwambia mkewe kwamba gari haliondoki na paa lile.

Mkewe akasema aitwe fundi.

"Wa kuziba kona, sawa," akasema Polepole. "Hilo lingine ni langu."

"Kwa mkono upi, baba watoto?"

"Huu huu."

Mke alimjua. Aliacha kubishana, akaweka sharti moja tu: asipande juu ya kitu chochote. Basi shemeji yake na jirani walikuja wakafungua boliti, wakaliteremsha paa na kulilaza juu ya meza mbili zilizotandikwa mablanketi, kivulini. Fundi wa faiba naye akaja, akaziba nyuzi, akaipaka kona rangi, akaenda zake.

Polepole aliliosha paa kwa maji na sabuni, likakauka. Kisha akachukua nta ngumu ya kopo, ile aliyozoea kuipaka kwenye bodi ya gari, akaanza kuisugua kwa mkono wa kulia. Wa kushoto ulipotaka kusaidia aliutia mfukoni. Jioni alikuwa amechoka hoi, ila amemaliza.

Asubuhi paa zima lilikuwa na madoa meupe. Nta ilikuwa imejikusanya katikati ya vipele na kugandia humo. Mkewe alitoka na kikombe cha chai, akatazama.

"Mume wangu, sasa chunusi zimeiva," akasema, akacheka mpaka akatafuta pa kukaa.

Polepole hakucheka. Aliingia ndani akalala, akaugeukia ukuta, na chakula cha mchana hakukigusa. Mkewe alianza kujutia mzaha wake. Lakini alasiri alisikia mguu ukiburuta kwenye sakafu, na alipochungulia akamwona mumewe uani na maji ya vuguvugu na mswaki, anachokoa nta kipele baada ya kipele.

Mke aliinuka. Alikwenda kwenye sanduku lake la kazi akatoa brashi laini aliyokuwa akiwafagilia wateja nywele shingoni, akamwekea karibu. Ilimwanguka Polepole mara nyingi kuliko alivyotaka ionekane. Mara ya kwanza mke aliinama aiokote.

"Iache," akasema Polepole. "Ikianguka ni yangu."

Akaiokota mwenyewe, huku ameshikilia ukingo wa meza na jasho linamtiririka. Siku nyingine aliishia kusafisha sehemu isiyozidi sahani. Siku nyingine vidole viligoma kabisa, akakaa kando anavitazama kama vibarua wavivu, kisha akavirudisha kazini.

Nta ilipokwisha kutoka, muuza vipuri alimwelekeza kwa simu atumie nta ya maji, aipake kwa sponji, na kuifuta kabla haijakauka. Hapo weusi ulirudi.

Binti alipofika, pembe moja ilikuwa bado. Alitaka kumpokea baba yake sponji. Hakupewa. Polepole aliushika mkono wa binti kwa ule wa kulia, akauweka juu ya sponji, akausukuma taratibu, akimweleza kwamba ataifanya kazi hii mwenyewe kila baada ya miezi michache, kivulini, bila nta ya kopo. Binti aliitikia kila neno. Alikuwa anasikiliza vile vidole, jinsi vilivyombana.

Mkono haukurudi wote. Vifungo vikubwa vya shati anafunga, vidogo vinamshinda, na kalamu haijakubali. Paa lilikuwa limefungwa tena na binti ameondoka na gari; mvua zilipoanza alipiga simu kusema dawa na bandeji zote alizobeba ni kavu. Babaye alimuuliza kama ameshapaka nta.

"Kazi zimenibana, baba."

"Haina neno," akasema Polepole. "Nitapanda basi, nije nipake."

Mkewe, aliyekuwa anasikiliza mlangoni, alikwenda kutafuta begi.