Jina la Mama Mkwe

Mama hajawahi kuniita jina langu. Ananiita "mkwe", kwa sababu jina langu ni la mama mzazi wa baba, na kwetu kusini mke hatamki jina la mama mkwe wake, hata mtoto akipewa jina hilo. Nilipoingia chuo nikaona ni uonevu tu. Bibi alishakufa; nani angekasirika? Nilitaka mama aniite, hata mara moja.

Likizo moja nikamfuata shangazi Manzese, anakouza vitenge, nikamuuliza jina langu lilitoka wapi. Akanihesabia huku akikunja: mfinyanzi wa ng'ambo ya Ruvuma, mjukuu wake aliyevuka mto na mimba akikimbia vita, kisha bibi yangu.

"Ushahidi uko wapi?"

"Haya, msomi! Wale walikuwa na vyeti? Ushahidi si wewe hapo? Mmelibeba watano."

Nilihesabu mara mbili. Pamoja nami tulikuwa wanne.

Shangazi akakikunjua kitenge alichokwisha kukikunja.

"Alikuwepo dada yako, kabla yako," akasema. "Mama yako alikuwa binti wa mjini, akimwita jina hilohilo waziwazi. Wazee wakamkanya, akacheka. Mtoto alifika miezi saba, homa ikamchukua. Wakamwambia ni mdomo wake."

Nilirudi nyumbani Kiwalani nikiwa na hasira na wazee. Mama alikuwa anachambua mchicha. Nikaanza kumweleza habari za malaria, za watoto wachanga, jinsi ambavyo neno haliui mtu. Nilisema vizuri, kama niliye darasani. Alinawa mikono, akajitanda khanga, akasema, "Twende."

Makaburini hakukuwa na kibao. Alihesabu hatua kutoka ukutani, akasimama katikati ya makaburi mawili ya watu wengine.

"Ni hapa. Au pale. Wamezika wengine juu."

Akachuchumaa, akaanza kung'oa majani. Kisha akaliita jina langu, polepole, kama mtu anayemwamsha mtoto.

"Abee," nikaitika, kabla sijafikiri.

Mama aligeuka haraka. Sijawahi kuuona uso wake vile, si siku ya msiba wa bibi, si siku yoyote. Alinishika mkono kwa nguvu, akanitazama toka kichwani hadi miguuni, kama anayetafuta homa.

"Si wewe," akasema. "Si wewe, mkwe."

Ya malaria sikuyarudia. Nilichuchumaa pembeni yake, nikang'oa majani na mimi.